Mlango na ufunguo wake: kisa cha nyumba ya vyumba sita kwa watu wenye ugonjwa wa akili wa muda mrefu

Majina, mji na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa au kubadilishwa. Wakazi wanaotajwa kwa karibu waliulizwa, wakakubali kisa chao kiandikwe. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaofikiria kujenga nyumba ya namna hii: vikundi vya familia, maofisa ustawi wa jamii, wauguzi wa afya ya akili, viongozi wa dini na mafundi watakaopewa kazi ya kuchora ramani. Kwa walioishiwa pa kumpeleka ndugu yao, kisa hiki kina mengi ya kutumika, na pia kina mambo ambayo hayakwenda sawa.

Usuli

Kikundi kilizaliwa kwenye benchi la kliniki. Katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, siku ya kliniki ya akili ndugu wa wagonjwa hufika alfajiri na kukaa hadi mchana wakisubiri dawa. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakikutana watu wale wale: mama mwenye kijana wa kiume aliyepita miaka thelathini, shangazi aliyemlea mpwa wake, mzee mstaafu wa mashamba ya miti mwenye binti mgonjwa. Walianza kwa kuchangiana nauli, wakaja kuzikana, mwishowe wakasajili kikundi.

Wote walikuwa na shida ile ile. Mgonjwa analazwa, anapata nafuu, anaruhusiwa, anarudi nyumbani. Huko anakuta chumba chake kimeshapata mtu mwingine. Analala sebuleni, au stoo kwenye magunia ya mahindi. Mama amezeeka, shemeji hamtaki, watoto wanamkimbia. Anaanza kushinda stendi, dawa zinasahaulika, na baada ya miezi michache anarudishwa hospitali akiwa amebanwa katikati ya wanaume wawili juu ya pikipiki, mikono imefungwa kamba. Sindano ya mwezi ilikuwa inapatikana, vidonge pia mara nyingi vilipatikana. Kilichokosekana ni mahali pa kulala panapoeleweka.

Yule mzee mstaafu ndiye aliyelitamka katika kikao: "Jamani, sisi tukifa, hawa watalala wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu, na kikao kile ndicho kilichoamua kutafuta kiwanja.

Kisheria walikuwa na pa kusimamia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inawahusu pia wenye ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu ana haki ya kuishi katika jamii na kuchagua anakoishi na anayeishi naye. Ofisa ustawi wa jamii aliwasomea ibara hiyo kwa sauti. Nilikuwapo, na niliona jinsi akina mama wale walivyotazamana, maana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mtoto wao ana haki ya kuchagua kitu.

Viwanja viwili

Ofa ya kwanza ilitoka kwa taasisi moja ya dini: ekari tano bure, kilomita kama kumi na mbili nje ya mji, udongo mzuri wa viazi. Ya pili ilikuwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 katikati ya mtaa, cha kununua.

Wengi walizitaka ekari tano. Wazo la wagonjwa kuishi shambani wakilima si geni nchini. Hombolo, mkoani Dodoma, kulianzishwa kijiji cha namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 chini ya uangalizi wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, na wazee katika kikundi walikuwa wamelisikia jina hilo. Hewa safi, kazi ya mikono, hakuna wa kumcheka mtu.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyewapunguza kasi. Aliuliza nani atampeleka mtu hospitali usiku wa masika wakati boda hawakubali kuingia barabara ile. Aliuliza mama mwenye miaka sabini atamtembeleaje mwanawe kwa nauli ya Sh 8,000 kwenda na kurudi. Swali lililowagusa zaidi lilihusu kazi. Shambani kazi ni moja na bosi ni mmoja, ilhali mjini mtu anaweza kushusha mbao nusu siku, kuchota maji kwa mama ntilie, kusaga mashineni, akiugua akapumzika, akipona akaanza kwingine.

Kuna mifano ya zamani inayounga mkono hoja hiyo. Dk. Thomas Adeoye Lambo alipoanzisha mpango wa Aro huko Abeokuta, Nigeria, mwaka 1954, wagonjwa walipanga katika nyumba za wanakijiji wenyewe na kwenda hospitali kutibiwa. Mji wa Geel nchini Ubelgiji umekuwa ukiwapokea wagonjwa majumbani mwa familia kwa karne nyingi. Kote kuwili mgonjwa aliishi katikati ya watu wenye shughuli zao, na hizo shughuli za watu wengine ndizo zilizompa sababu ya kuamka.

Kiwanja cha mtaani kikashinda. Mzee mstaafu alitoa nusu ya bei kutoka kwenye kiinua mgongo chake, kikundi kikachanga nusu. Karatasi ya mauziano iliandikwa kwa jina lake, kwa sababu ndiye aliyekuwapo ofisi ya mtaa siku hiyo.

Ramani ya kwanza na ya pili

Ramani ya kwanza ilikuwa na mabweni mawili ya vitanda vinne vinne, ukuta mrefu, geti la chuma, kibanda cha mlinzi na dirisha dogo la kutolea dawa. Fundi aliyeichora hakukosea kazi. Alielezwa wodi, akachora wodi.

Kabla ya kuchimba msingi, ofisa ustawi alipendekeza wagonjwa wenyewe waulizwe. Walikaa watu kumi na mmoja nyuma ya kliniki, chini ya mkaratusi, na ndoo ya uji. Hawakuonyeshwa ramani. Waliulizwa swali moja: chumba unachokitaka kina nini?

Mwanaume mmoja nitakayemwita Bwana K., aliyewahi kufanya kazi ya kupasua mbao na ambaye alikuwa na skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo) tangu ujanani, alijibu wa kwanza: "Nataka mlango ambao mtu akibisha, anasubiri nijibu." Dada mmoja aliomba mahali pa kuanika nguo zake za ndani wanaume wasipite. Mwingine alitaka swichi ya taa iwe ndani mwake, kwa sababu wodini taa huzimwa na mtu mwingine. Wengi hawakutaka kulala na mtu anayezungumza usiku, na hao ni pamoja na waliojua kwamba wao pia huzungumza usiku. Hakuna aliyetaja ukuta wala geti.

Ramani ya pili ilianzia hapo. Vyumba sita vya mita 3 kwa 3.2, kila kimoja na mlango wake unaofungukia barazani, vimepangwa pande mbili za ua: vinne upande mmoja kwa wanaume, viwili upande wa pili kwa wanawake, pamoja na kamba ya nguo nyuma yake. Kwenye kona, pande mbili zinapokutana, kikawekwa chumba cha msaidizi, ambaye akikaa mlangoni anaziona baraza zote mbili bila kuchungulia dirisha la mtu. Sebule moja ya pamoja, jiko la nje lenye paa.

Mambo madogo yalichukua muda mrefu kuliko makubwa, na nafikiri ndivyo inavyopaswa. Milango ilifanywa kufungukia nje, ili mtu akianguka nyuma ya mlango au akiuegemeza kitanda asikwame ndani. Grili za madirisha zilitiwa bawaba na komeo la ndani, kwa ajili ya moto, maana wakazi wengi huvuta sigara. Kila kitasa kilikuwa na funguo mbili. Mmoja wa mkazi, wa pili ndani ya bahasha iliyobandikwa na kusainiwa, na anayefungua bahasha lazima aandike kwenye kaunta buku saa, sababu na jina lake.

Mvutano mkali ulihusu dari. Bajeti ilikuwa imebana na fundi alishauri silingi bodi iachwe, kama zilivyo nyumba nyingi za kupanga. Muuguzi alikataa. Mvua za huku zikipiga bati usiku kucha, anayesikia sauti hapati usingizi, na kwa mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, usiku mbili tatu bila kulala zinatosha kumrusha. Dari pia huzificha kenchi, na hilo nalo lina uzito wake kwa usalama wa mtu aliyekata tamaa. Dari ikabaki. Ili ibaki, choo cha ndani kikafutwa na badala yake kikachimbwa choo kimoja cha shimo nyuma ya kiwanja, cha watu wote.

Mkataba wa kupanga

Kodi iliwekwa Sh 15,000 kwa mwezi, inayolipwa na mkazi mwenyewe au familia yake, kwa risiti. Baadhi ya ndugu waliona ni kumtoza maskini. Kikundi kilishikilia kwamba mwenye risiti ana la kusema siku akitaka kufukuzwa.

Kifungu cha nne ndicho kilicholeta zogo. Kilisema mkazi hatapoteza chumba kwa sababu ya kukataa dawa au kulazwa. Atakipoteza kwa kuumiza watu, kuchoma, au kuharibu mali kwa makusudi baada ya kuonywa mbele ya ndugu yake. Wauguzi wawili walilipinga jambo hilo waziwazi: tunampa mtu nyumba, halafu tunamwambia dawa ni hiari? Mama mmoja aliwajibu bila jazba. "Mwanangu nimemfukuza mara tatu kwa sababu ya dawa. Hakuna hata mara moja alikozimeza huko barabarani."

Wazo hili lina jina kubwa duniani. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza jijini New York mpango wa kumpa mtu nyumba kwanza, bila kumwekea sharti la matibabu, huku huduma zikimfuata pale alipo. Kanada waliujaribu mtindo huo katika miji mitano kati ya 2009 na 2013, kwa watu zaidi ya 2,000. Waliopewa nyumba kwanza walidumu katika makazi kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Dalili za ugonjwa, kwa upande mwingine, hazikupishana sana kati ya makundi hayo mawili. Hilo ni vizuri lisemwe mapema kwa familia: nyumba humshikilia mtu, haimtibu.

Mtaa

Mkutano wa mtaa ulikuwa mgumu. Baba mmoja alisimama akasema watoto wake wanapita pale kwenda shule, na nani atawajibika? Semina ya afya ya akili iliyotolewa wiki iliyotangulia haikuwa imembadilisha hata kidogo. Kilichotuliza ni karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti, balozi na kikundi, yenye namba tatu za simu na maelezo ya nani anakuja usiku, kwa usafiri gani, na nani analipa. Watu walitaka kujua kwamba hawataachiwa mzigo.

Jambo la pili lilikuwa maji. Mtaa ule bomba lake hukauka kila Septemba. Ramani ilikuwa na bomba ndani ya ua, na mwenyekiti akapendekeza lisogezwe hadi kwenye uzio, nusu ndani nusu nje, majirani wachote kwa bei ya kawaida na mkazi mmoja akusanye hela. Kilikuwa kipande cha bomba cha mita chache tu. Ndani ya miezi michache akina mama wa mtaa walikuwa wanawajua wakazi kwa majina, wanawasalimia kamwene kama wanavyosalimiana wenyewe, na waliwahi kutuma mtoto kuuliza kwa nini fulani haonekani bombani leo.

Mlinzi

Familia zilitaka mlinzi wa usiku. Akaajiriwa kijana mwaminifu, koti kubwa, rungu, tochi yenye mwanga mkali. Kila baada ya saa mbili alizunguka na kumulika madirisha, kama anavyofanya mlinzi yeyote anayejali kazi.

Kijana mmoja kati ya wakazi sita wa kwanza, ambaye ugonjwa wake humwaminisha kwamba anafuatiliwa, alivumilia hadi wiki ya tatu. Alikuwa ameanza kulala chini ya kitanda. Asubuhi moja chumba kilikutwa kitupu, ufunguo umewekwa juu ya godoro. Alikwenda kwa kaka yake kijijini na hakukubali kurudi, hata baada ya kuambiwa mlinzi ameondoka.

Uamuzi uliofuata ulikuwa kumwachisha mlinzi na kuleta wanandoa wa makamo waishi kwenye chumba cha kona. Mume ni fundi baiskeli na hufanya kazi yake barazani, mke aliwahi kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wakazi humwita Mama Mkubwa. Hawazunguki usiku. Wanalala, na anayewahitaji anabisha. Posho yao ya miezi kumi na miwili haikuzidi sana mshahara wa mlinzi, lakini walihitaji kupumzika wikiendi moja kila mwezi, na kupata mbadala wa wikiendi hiyo kumekuwa kazi hadi leo.

Baridi

Ramani ilifikiria mvua, wizi na moto. Baridi iliachwa. Juni na Julai huku usiku hushuka chini ya nyuzi 10, kwingine hadi umande unaganda. Kwa wanaotumia dawa za ugonjwa wa akili kama Lagaktili ni mbaya zaidi, kwani hupunguza uwezo wa mwili kujirekebishia joto. Mtu anatetemeka na hajitambui.

Wakazi walifanya ambacho kila mtu wa huku hufanya. Waliziba kwa matambara vitundu vya hewa vilivyo juu ya mlango, wakawasha jiko la mkaa nje hadi moshi ukaisha, wakaliingiza ndani, wakafunga. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na mtu husinzia nayo asiamke.

Usiku mmoja Mama Mkubwa aliamka kwenda msalani akaona taa ya Bwana K. inawaka saa tisa. Alibisha. Hakujibiwa. Alibisha tena, akamwita kwa jina, kisha akaichana bahasha. Bwana K. alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, macho nusu wazi, jiko liko miguuni na makaa yamekuwa mekundu tu bila moshi. Walimtoa barazani kwenye hewa. Alitapika, kichwa kilimuuma hadi mchana wa siku iliyofuata, akapona. Kwenye kaunta buku Mama Mkubwa aliandika: "Saa 9:20 usiku. Nimebisha mara mbili. Nimefungua kwa sababu ya mkaa."

Kikao cha dharura kilikuwa na pendekezo jepesi mezani: kupiga marufuku mkaa na kukagua vyumba kila usiku. Bwana K. mwenyewe aliomba kusema. Alisema mkinikagua nitauficha, kwa sababu baridi haisikii marufuku. Kikundi kikamwelewa. Sebule, ambayo hadi hapo ilikuwa na viti vya plastiki visivyokaliwa na mtu, ikajengewa meko ya matofali ya kuchoma yenye dohani inayotoa moshi juu ya paa. Mabanzi ya mbao yalipatikana kwa bei ndogo kutoka kwa wenye mashine za kupasulia. Kila chumba kikapewa blanketi la pili na chupa ya maji ya moto. Vitundu vya hewa vikatiwa wavu badala ya kuachwa wazi, upepo ukapungua bila kuziba hewa.

Meko ile ilibadilisha nyumba kuliko jambo lolote lingine lililojengwa. Jioni watu wanakaa pale. Wanachoma viazi. Dawa za usiku zinamezwa pale kwa sababu chai iko pale, na asiyetaka kumeza hasemeshwi mbele za watu. Mpishi aliyekuwa ameajiriwa kupika milo yote alianza kusaidiwa, kisha wakazi wanne wakaomba wapike wenyewe kwa zamu, yeye abaki na chakula cha mchana. Makande yao ya kwanza yaliungua, wakayala.

Msimu wa ulanzi

Mvua zikichanganya, ulanzi, yaani pombe ya mianzi, unashuka kwa wingi na bei yake ni ya kila mtu. Mwezi Januari wa mwaka wa kwanza Bwana K. alianza kuchelewa kurudi, akaruka sindano ya mwezi, kisha ya pili. Alianza kuwasikia watu ndani ya ukuta. Siku alipomsukuma mkazi mwenzake, Mama Mkubwa alizipigia namba zile tatu, na ndani ya saa moja walifika ndugu yake na muuguzi kwa bajaji. Alikubali kwenda hospitali bila kamba. Alilazwa wiki saba.

Hapo mkataba ulipimwa. Palikuwa na watu wanne kwenye orodha ya kusubiri, kodi yake ilikuwa haijalipwa, na baadhi ya wanakikundi walisema kumsukuma mwenzake kunatosha kumtoa. Aliyesukumwa aliulizwa. Alisema hakuumia, na kwamba yeye mwenyewe akizidiwa angependa kitanda chake kimsubiri. Chumba kikafungwa. Ufunguo alikuwa nao Bwana K. mfukoni wodini, na muuguzi wa wodi alisimulia kwamba alikuwa akiwaonyesha wenzake.

Alirudi mwezi Machi. Deni lake alilipa kidogokidogo kwa kukusanya hela za bombani. Ulanzi hajaacha kabisa. Sindano hajaruka tena.

Choo

Huu ndio upande uliokwenda vibaya. Choo cha nyuma kilikuwa hatua kama thelathini kutoka vyumba vya wanawake, gizani, na njia ilipita mbele ya baraza la wanaume. Wanawake wote wawili hawakuwahi kulilalamikia kwenye vikao. Walitumia ndoo usiku na kuimwaga alfajiri.

Mmoja wao, Dada R., alianza kupunguza kunywa maji jioni, kisha akaanza kuacha vidonge vya usiku kwa sababu vinamkausha kinywa na kumfanya anywe. Katika mwezi wa kumi aliondoka akaenda kwa dada yake. Sababu aliitoa baadaye, kwa Mama Mkubwa peke yake: mwanaume mmoja aliyekuja kumtembelea ndugu yake alimsubiri njiani kurudi chooni. Hakumgusa. Alimsubiri tu, na hilo lilitosha.

Chumba chake kilikaa bila mtu miezi minne, hadi choo na bafu vya wanawake vilipojengwa upande wao, na mlango unaofungwa kwa ndani na taa. Wageni wakawekewa mwisho saa kumi na mbili jioni. Dada R. alipelekewa taarifa. Alishukuru, akasema atabaki alipo.

Hali baada ya miaka miwili

Vyumba vyote sita vina watu. Wanne ni wale wa mwanzo. Kila mmoja wao alikuwa amelazwa angalau mara mbili katika miaka miwili kabla ya kuingia. Ndani ya miaka miwili ya nyumba, wawili wamelazwa mara moja moja na wawili hawajalazwa. Watu wanne si takwimu, na dawa pia zilipatikana kwa utulivu zaidi kipindi hicho. Watatu wana vibarua visivyo vya kila siku. Kijana aliyeondoka wakati wa mlinzi amelazwa tena na tena, na kaka yake bado huja kliniki kumchukulia dawa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni ufunguo, na ulifanya kazi kwa sababu mkataba ulikuwa nyuma yake. Ungekuwa ufunguo wa chumba ambacho mtu anaweza kukipoteza kwa kuruka sindano, ungekuwa pambo. Wiki saba za kukifunga chumba cha Bwana K. ziligharimu kodi na lawama, lakini wakazi wengine watano walikuwa wanatazama. Baada ya hapo wawili kati yao walikuja wenyewe kusema wanahisi kuzidiwa, mapema, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla. Mtu hatangazi kwamba anaumwa mahali ambapo kuumwa kunamtoa nje.

Bahasha nayo ni ya kuigwa. Faragha na usalama hugombana katika kila nyumba ya aina hii, na wengi humaliza ugomvi kwa kuchagua kimoja. Hapa usalama ulipewa njia, na njia hiyo ikawekewa gharama ndogo ya kuandika jina lako. Katika miaka miwili bahasha zilichanwa mara chache sana, na kila mara palikuwa na sababu ambayo mkazi mwenyewe aliikubali baadaye.

Mlinzi alikuwa jibu la hofu ya familia, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kasoro ni kwamba alilipwa kuwatazama wakazi. Wanandoa wanaishi pale, na uangalizi unatokana na kuishi huko. Anayebuni nyumba aanze na swali la nani analala hapa usiku na analala wapi, kabla ya kuhesabu vitanda, kwa sababu kile chumba cha kona hakiwezi kuongezwa baadaye bila kuharibu ua mzima.

Baridi na choo vina mzizi mmoja. Wagonjwa waliulizwa vizuri kuhusu chumba, kisha hawakuulizwa tena. Kuanzia msingi hadi bati maamuzi yalifanywa na kikundi, fundi na muuguzi, na bajeti ilipobana kilichokatwa ni choo, kitu ambacho hakuna mwanamke mkazi aliyekuwepo kukitetea. Kamba ya nguo waliyoiomba ilijengwa, lakini hakuna aliyefikiria kwamba anayeficha nguo zake za ndani hatapita mbele ya wanaume usiku na karatasi mkononi. Na baada ya kuhamia, vikao vilikuwa vya wote pamoja, wanaume wanne na wanawake wawili, mahali ambapo jambo la choo haliwezi kusemwa. Sasa Mama Mkubwa hukaa na wanawake peke yao kila mwezi. Dari ilistahili kubaki. Lakini kati ya dari na choo cha wanawake, ningetafuta cha tatu cha kupunguza: sebule ingeweza kusubiri, kwa kuwa bila meko ilikuwa stoo ya viti.

Kuhusu fedha, kodi ya vyumba sita ni Sh 90,000 kwa mwezi ikilipwa yote, na haitoshi posho ya wanandoa. Pengo linazibwa na michango, hela za bomba na msaada wa parokia na msikiti wa jirani. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Wakazi wanne wameandika andiko la kuomba mkopo wa banda la kuku. Mkopo wa kuku hauwezi kulipa posho ya msaidizi, hilo lieleweke. Nyumba kama hii itahitaji ruzuku kila mwaka, na kikundi kinachoanza kwa kuahidi kujitegemea kitajikuta kinaipunguza posho ya yule yule anayeifanya nyumba isimame.

Kinachosubiri

Mzee mstaafu alifariki mwaka wa pili. Binti yake ni mmoja wa wakazi wanne wa mwanzo. Karatasi ya mauziano bado ina jina la mzee peke yake, na watoto wake wa kiume wawili, ambao hawakuwahi kufika kliniki, wameuliza kiwanja kina thamani gani leo. Ofisa ustawi ameshauri kikundi kisajili bodi ya wadhamini na kupeleka ushahidi wa michango ya nusu ya pili ya bei: stakabadhi, kumbukumbu za vikao, majina ya waliochanga. Balozi ameahidi kuwa shahidi. Kikao cha familia na kikundi kimepangwa baada ya mavuno ya mahindi, na binti ameomba awepo, akae upande wa wapangaji.